Koo linalotokota ukilala chali: kimeo hakina kosa

"Daktari, pole na kazi. Nina miaka 43, naishi Morogoro, nauza chipsi na mishikaki kuanzia jioni mpaka saa nne au saa tano usiku. Kwa miezi kama mitatu sasa, nikilala chali koo linatoa sauti. Hapo sijasinzia, niko macho kabisa. Nikitoa pumzi, mwishoni kunasikika kama maji yanayotokota kwa mbali, wakati mwingine kamlio kembamba. Nikimeza mate inakatika, baada ya dakika chache inarudi. Nikikaa au nikigeukia ubavu inapungua au inaisha kabisa. Asubuhi sauti inakwaruza, nakohoa kusafisha koo mpaka saa nne hivi ndipo nakuwa sawa. Makohozi ni kidogo na meupe. Mara mojamoja nikiinama kufua, maji machungu yanapanda mpaka kooni. Duka la dawa nimepewa antibayotiki mara mbili, hakuna kilichobadilika. Natumia amlodipine ya presha tangu mwaka jana. Jioni miguu huvimba kidogo, nadhani ni kusimama. Sivuti sigara wala sinywi pombe. Shangazi yangu anasema kimeo kimerefuka, anataka twende kijijini kwa fundi nikakatwe, na mwanangu wa miaka mitatu ambaye anakohoa akatwe pia. Jirani yetu alifariki kwa saratani ya koo, kwa hiyo usingizi hauji kwa mawazo. Je, ni kimeo? Ni saratani? Na mtoto ninayelala naye simwambukizi?"

Dada yangu, pole sana. Sauti ya koo usiku ina ubaya wake: nyumba ikishatulia hakuna kelele nyingine ya kuifunika, na kila unapoisikiliza inazidi kuwa kubwa. Umeeleza vizuri, tena umetaja mambo ambayo wagonjwa wengi husahau, kwa hiyo naweza kukujibu kwa uhakika zaidi kuliko kawaida.

Majibu mafupi kwanza. Hakuna ulichoeleza kinachoelekeza kwenye kimeo. Saratani haifanani na hali yako, ingawa nitakuambia ni dalili zipi zingenifanya nibadili mawazo. Kinachoelekea zaidi ni ute mzito unaotuama karibu na nyuzi za sauti ukilala chali, na kinachousababisha, kwa maelezo yako, ni tindikali ya tumbo inayopanda usiku. Lakini ipo sentensi moja uliyoipita haraka, ile ya miguu kuvimba jioni, na hiyo ndiyo iliyonifanya nirudi kulisoma swali lako upya. Nitaifikia.

Tuanze na sauti yenyewe. Hewa ikipita kwenye njia pana na safi haisikiki. Ili koo litoe mlio, lazima hewa ikutane na sehemu iliyobana au na majimaji yaliyokaa njiani. Ndiyo maana daktari wa masikio, pua na koo, kabla hajashika kifaa chochote, atakuuliza: uko macho au umelala? Ni ukivuta pumzi au ukitoa? Ni mlio mkavu au wa majimaji? Ukimeza mate unakatika? Wewe umeshajibu yote.

Kwamba uko macho ni jambo kubwa. Kukoroma hutokea baada ya usingizi kuja, misuli ya koo inapolegea, ulimi ukarudi nyuma na nyama laini za koo zikaanza kutetema. Mtu aliye macho misuli yake inashikilia njia ya hewa ikae wazi. Kwa hiyo unachokisikia siyo kukoroma. Hata hivyo, muulize anayelala chumba kimoja nawe, awe mume, dada au mtoto mkubwa, kama ukishasinzia unakoroma kwa nguvu, kisha kimya cha sekunde 10 au zaidi, halafu unashtuka kwa pumzi nzito. Hali hiyo ya pumzi kukatika usingizini hupandisha presha na kuifanya iwe ngumu kushuka kwa dawa, na wewe tayari una presha. Kama jibu ni ndiyo, na hasa kama unaamka umechoka na mchana unasinzia ukiwa umekaa, mweleze daktari. Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia wengi, na kwa hali kali kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani usiku kucha, tiba iliyoanza Australia mwaka 1981 na ambayo mpaka leo ndiyo inayotegemewa zaidi.

Upande wa pumzi nao unasema mengi. Mlio unaosikika mtu anapovuta hewa ndani, mkali na wa juu, maana yake njia imebana kwenye kongomeo, pale nyuzi za sauti zilipo, au karibu yake. Huo hausubiri asubuhi, mtu apelekwe hospitali usiku huohuo. Filimbi inayotoka kifuani wakati wa kutoa pumzi, pamoja na kifua kubana na kikohozi cha alfajiri, ni ya pumu, na pumu ina tabia ya kuchachamaa kuanzia usiku wa manane. Wa kwako uko mwishoni mwa kutoa pumzi, ni wa majimaji, na unakatika ukimeza. Pumu haikatiki kwa kumeza mate. Uvimbe haukatiki kwa kumeza mate. Kinachoondoka kwa kumeza ni kitu kinachoweza kumezwa, nacho ni ute.

Utatoka wapi ute wote huo? Pua na mapango yake peke yake hutengeneza takriban lita moja kwa siku, mate yakiwa mbali. Mchana huusikii kwa sababu umesimama, unateremka wenyewe nyuma ya koo na unaumeza kidogokidogo bila kujua. Ukilala chali mteremko unaisha. Ute unatuama nyuma ya kongomeo, karibu kabisa na mlango wa njia ya hewa. Wakati huohuo, tunapotoa pumzi nyuzi za sauti husogeleana kidogo, na hilo ni la kawaida kwa kila mtu. Hewa ya mwisho ya pumzi inapita kwenye upenyo mdogo wenye ute pembeni, vipovu vinatengenezwa na kupasuka, ndipo unasikia huo mtokoto. Ute ukiwa mwembamba ukajivuta kutoka uzi mmoja wa sauti hadi mwingine, unasikia kamlio. Unameza, njia inasafika, dakika chache baadaye umejaa tena. Ukigeukia ubavu ute unahama upande mmoja na hewa inapita. Kila ulichoandika kinakaa mahali pake katika maelezo haya.

Watu wengi wenye afya nzuri hupata mlio wa namna hiyo siku mbili tatu wakiwa na mafua. Miezi mitatu mfululizo maana yake kuna kitu kinachoendelea kulikera koo, na katika swali lako naona mashaka matatu.

La kwanza ni tindikali. Chini ya umio, yaani mrija wa chakula, pale unapoingia tumboni, kuna msuli wa mviringo unaojifunga chakula kikishapita. Ukila saa tano usiku baada ya kufunga biashara, tena chipsi na nyama ya mafuta (nakisia, lakini nadhani sijakosea), chakula hicho kitahitaji saa nne au zaidi kutoka tumboni, kwa sababu mafuta hulichelewesha tumbo. Saa sita uko kitandani umelala chali, tumbo limejaa, na msuli ule ukilegea hata kwa muda mfupi, tindikali na vimeng'enya vya kusaga nyama vinapanda. Umio umezoea kidogo kuguswa na tindikali na una njia za kujisafisha. Koo halijazoea. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na koo lililokereka bila kuhisi kiungulia chochote kifuani: kiasi kidogo kinachofika juu kinatosha. Koo linajilinda kwa kutengeneza ute mzito unaonatanata, asubuhi sauti inakwaruza, unalisafisha koo kwa kukohoa, na kule kukohoa kwenyewe kunazigonga nyuzi za sauti na kuzifanya zivimbe zaidi. Maji machungu yanayopanda ukiinama kufua ndiyo ushahidi wangu mkubwa hapa.

La pili ni moshi. Unasimama juu ya jiko la mkaa na karai la mafuta yanayochemka kwa saa tano au sita kila siku. Moshi na mvuke wa mafuta huikera pua na koo kama vile sigara inavyofanya, hata kama hujawahi kuvuta hata moja. Ukirudi nyumbani ukawasha na dawa ya mbu ya kuchoma chumbani, umeongeza mwingine. Tumia chandarua na iache hiyo.

La tatu ni dawa yako ya presha, na hapa nataka usinielewe vibaya. Dawa za kundi la amlodipine hulegeza misuli ya mishipa ya damu, ndivyo zinavyoshusha presha, na kwa baadhi ya watu zinaweza kuulegeza pia ule msuli wa chini ya umio. Usiiache. Presha isiyotibiwa itakudhuru zaidi ya mlio wa koo. Mtajie tu daktari wako, kwa sababu dawa za presha ni nyingi na kubadilisha ni jambo la kawaida. Ila ujue pia kwamba dawa nyingine zinazotumika sana, kama enalapril, captopril na lisinopril, nazo zina tabia yake: huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu na mkereketo wa koo usioisha. Ukibadilishiwa mojawapo ya hizo na koo likazidi, rudi useme.

Sasa kimeo. Nazungumza na shangazi yako kwa heshima zote, kwa sababu najua anakutakia mema na anafuata alichokikuta kwa wazee. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila mtu anacho, na urefu wake unatofautiana kama pua na masikio yanavyotofautiana. Kazi yake ni kulilowanisha koo kwa majimaji mepesi na, pamoja na kaakaa laini, kuifunga njia ya puani unapomeza ili chakula na maji visipandie puani. Mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu akifungua kinywa, kimeo mara nyingi huonekana chekundu na kimevimba kidogo. Fundi anakiona, anasema hiki ndicho kinachokohoza. Ukweli ni kwamba kimekerwa na kilekile kinacholikera koo zima: mafua, moshi, tindikali, au kikohozi chenyewe. Na sauti yako haitoki huko. Kimeo kingekuwa ndicho kinachopiga mlio, kumeza mate kusingeikata sauti kwa dakika kadhaa, maana ukimeza kimeo kinabaki palepale.

Baadhi ya watu hupona kikohozi baada ya kukatwa, na hiyo ndiyo sababu imani hii haifi. Vikohozi vingi vya virusi huisha vyenyewe ndani ya wiki tatu, kwa hiyo aliyekatwa wiki ya pili atapona wiki ya tatu, na sifa itakwenda kwa wembe. Wale wanaoletwa kwetu ni wale ambao mambo yamewaharibikia: damu isiyokata, maambukizi yaliyoshuka shingoni na kifuani, pepopunda, sauti ya puani, maji yanayotokea puani wakinywa. Kifaa kilichotumika kwa watu kadhaa bila kuchemshwa kinaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Watoto wamekufa kwa hili. Dada yangu, usikatwe, na mtoto asikatwe.

Tuje kwenye miguu. Umesema unadhani ni kusimama, na huenda uko sahihi. Amlodipine nayo huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi, ni moja ya kero zake zinazojulikana sana. Lakini sababu ya tatu ni moyo uliochoka, na mtu mwenye presha anayesikia majimaji akilala chali anastahili kuchunguzwa moyo kabla hatujaridhika na maelezo mengine. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujikusanya miguuni mchana. Ukilala yanarudi kwenye mzunguko na kuelemea mapafu. Mgonjwa wa namna hiyo anahisi anazama akilala bila kuinua kichwa, anaongeza mito kutoka mmoja hadi mitatu, au anaamka saa moja au mbili baada ya kusinzia akiwa hana pumzi, anakimbilia dirishani kutafuta hewa. Kupanda ngazi au mlima mdogo kunamchosha kuliko zamani. Uzito wake unaweza kuongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku chache, na hiyo siyo mafuta, ni maji.

Wewe hujataja hata moja kati ya hayo. Sauti yako inakatika ukimeza, na maji ya mapafuni hayafanyi hivyo, kwa hiyo sidhani kuwa ni moyo. Lakini hapa kudhani hakunitoshi. Nenda wiki hii, wala usisubiri dalili ziongezeke. Wakupime presha, wakusikilize kifua na moyo, wakubonyeze miguu kuona kama kidole kinaacha shimo, na kama daktari ataona haja, kipimo cha umeme wa moyo na cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndipo pa kuanzia. Wakikuta tatizo la kuhitaji mabingwa wa moyo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, hapo jirani. Na kama wakati wowote unaamka unatafuta pumzi, au unakohoa povu lenye rangi ya waridi, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Wakati wanakupima, waombe pia waipapase tezi ya shingo. Tezi la shingo lililokua, na hasa lililoshukia nyuma ya mfupa wa kifua, hubana njia ya hewa zaidi mtu akilala chali. Unaweza kujipima nyumbani mbele ya kioo: nyoosha mikono yote miwili juu, iguse masikio, kaa hivyo kwa dakika moja. Uso ukijaa damu, mishipa ya shingo ikatutumka au pumzi ikabana, tezi lichunguzwe mapema. Zamani matezi makubwa yalikuwa mengi sana nyanda za juu kwa kukosa madini joto. Chumvi yenye madini hayo imeyapunguza, lakini bado tunayaona, hasa kwa akina mama wa umri wako na kuendelea.

Ukishahakikishiwa moyo uko salama, matibabu ya koo lako yanaanzia kwenye saa ya chakula kuliko kwenye kidonge. Najua biashara yako haikuruhusu kula saa moja kama watu wa ofisini. Basi geuza mpangilio: kula mlo wako mkubwa saa kumi au kumi na moja jioni, kabla wateja hawajakolea, na ukifunga saa tano chukua kitu kidogo kisicho na mafuta, ndizi mbivu au kikombe cha uji mwepesi. Lengo ni saa tatu kati ya mlo mzito na kulala. Punguza soda na kahawa za usiku. Hili moja, kwa watu wa kazi za usiku, mara nyingi hufanya kazi kuliko dawa zote nitakazotaja, na ndilo gumu zaidi kulifuata. Jipe wiki nne kabla hujasema limeshindwa.

Kitanda nacho kiinuliwe upande wa kichwani. Weka tofali la nchi sita chini ya kila mguu wa upande huo, inatosha, ni kama sentimita 15. Usirundike mito, maana mito inakukunja tumboni na kusukuma tindikali juu badala ya kuizuia. Lala ubavu wa kushoto: tumbo lilivyokaa, ukilalia kushoto tindikali inabaki chini ya mlango wa umio, ukilalia kulia inausogelea.

Kuhusu pua, isafishe kwa maji ya chumvi kabla ya kulala ili kutoa moshi na ute wa mchana. Chemsha maji, yaache yapoe hadi vuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 250, inama, yapitishe tundu moja yatokee jingine. Yasitumike ya bomba bila kuchemshwa. Zile dawa za matone za kuzibua pua haraka zisizidi siku tano, zikizoeleka pua huziba zaidi.

Utaulizia omeprazole, na ninakujibu kwa ukweli wote. Kwa kiungulia na maji machungu yanayopanda inafanya kazi vizuri, ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi, tumbo likiwa tupu. Wengi huimeza baada ya kula halafu wanasema haifai. Lakini kwa koo peke yake matokeo yake hayapendezi. Uingereza walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 346 wenye dalili za koo za muda mrefu, nusu wakapewa dawa ya kundi hilo mara mbili kwa siku kwa wiki 16, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Nafuu ya makundi yote mawili ilikuwa sawa. Kwako wewe, kwa kuwa maji machungu yapo, kuijaribu kwa wiki chache kwa maelekezo ya daktari ni jambo la maana. Kuimeza mwaka mzima kwa kujinunulia sikubaliani nalo. Zipo pia dawa za maji zinazotengeneza tabaka juu ya chakula tumboni, zinanywewa baada ya kula na kabla ya kulala, na wengine hupata nafuu zaidi kwa hizo. Nyingine zina sodiamu nyingi, kwa hiyo mwambie mfamasia kwamba una presha. Kwa sababu hiyohiyo usilambe magadi wala usinywe magadi soda kutuliza kiungulia, ingawa kweli yanatuliza. Sodiamu yake itaipandisha presha yako.

Maji ya moto na asali hayana ubaya na huulainisha ute. Ndimu na siki viache kwa sasa, unaongeza tindikali juu ya tindikali. Kujifukiza kwa majani kunapunguza ukavu kwa muda, ila nimeona watoto wengi wameungua kwa sufuria ya kufukizia, kwa hiyo ukifanya, iwe mbali na mwanao. Antibayotiki usinunue tena. Ute mweupe wa miezi mitatu bila homa si ugonjwa wa bakteria wa kutibiwa kwa vidonge vya siku tano, na kila dozi isiyo na sababu inawafanya wadudu wa kweli wawe sugu siku utakapozihitaji.

Na kulisafisha koo kwa kukohoa, jizuie. Likiwasha, meza mate mara mbili au kunywa funda la maji. Siku za kwanza utaona ni mateso, baadaye hamu inapungua.

Nirudi kwenye hofu yako kubwa, saratani. Saratani ya kongomeo haibadiliki kwa kugeukia ubavu. Sauti inakwaruza mchana na usiku bila kupata nafuu, wala haisubiri saa nne ikawa safi. Huwapata zaidi wavutaji sigara na wanywaji pombe. Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda wetu, kutoka Ethiopia kushuka mpaka Malawi na kusini zaidi, na dalili yake kuu ni chakula kukwama: kwanza nyama na ugali, baadaye hata uji. Kwa hiyo ukiona sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu bila hata saa moja ya nafuu, chakula kinakwama, kumeza kunauma, sikio la upande mmoja linauma bila ugonjwa wa sikio, uvimbe shingoni, damu kwenye makohozi au uzito kushuka bila sababu, hapo usiendelee na matofali na maji ya chumvi, mtafute daktari wa koo moja kwa moja. Vivyo hivyo, ukibadilisha mlo na malazi kwa wiki nane na mlio ukawa vilevile, nenda. Atakupulizia dawa ya ganzi puani na kupitisha kamera nyembamba, inachukua dakika chache, haiumi sana, na ataziona nyuzi za sauti zikicheza. Muhimbili wanafanya, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wanafanya. Kabla ya kwenda, jirekodi kwa simu usiku ukiwa umelala chali, kwa sababu ukifika kwa daktari umekaa kwenye kiti, koo litakuwa kimya.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningekifanya hata kesho: makohozi, kwa ajili ya kifua kikuu. Unakohoa kila asubuhi kwa miezi mitatu, na kwa utaratibu wetu kikohozi cha wiki mbili kinatosha kupimwa. Makohozi yako meupe, huna homa wala jasho la usiku ulilolitaja, kwa hiyo natarajia majibu safi. Kipimo na dawa vyote ni bure kwenye vituo vya serikali.

Hilo linanileta kwa mtoto. Tindikali na ute wa kukereka haviambukizi, unaweza kulala naye. Ila kwa kuwa naye anakohoa, mpimwe wote wawili pamoja, na uwaeleze kwamba mnalala chumba kimoja. Akiwa amelala au ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nyingi mno. Ukiona pia mbavu za chini zinabonyea ndani anapovuta hewa, anakataa kunywa, au analegea, mbebe mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Hiyo ni nimonia mpaka daktari aseme vinginevyo. Kama shangazi atang'ang'ania safari ya kijijini, mwombe aje nanyi kituoni, akae chumbani wakati daktari anamulika koo la mtoto, na aulize mwenyewe kila anachotaka kuuliza.